Tasa Iliyozaa: Hotuba Kuhusu Namba 2,147,483,647

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi nyote mliokuja kwa sababu tu mnapenda hesabu,

Nimeombwa kuzungumzia namba tasa kubwa, na nadhani wengi wenu mlitarajia nianze na ile iliyo kubwa kuliko zote zinazojulikana, yaani ile iliyotangazwa mwezi Oktoba 2024, yenye tarakimu 41,024,320. Hiyo nitaiacha. Namba isiyoweza kuandikwa ubaoni ni vigumu kuihoji mbele ya watu. Tutaishia kustaajabia urefu wake tu, na urefu peke yake haumfundishi mtu kitu. Nimechagua namba ya tarakimu kumi, inayoenea katika mstari mmoja, ambayo kwa karibu miaka mia moja ilihesabiwa kuwa kubwa mno:

2,147,483,647.

Chukueni mbili thelathini na moja, zizidisheni zote pamoja, kisha toeni moja. Kwa alama tunaandika 2³¹ − 1. Namba hii ni tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Swali langu ni moja tu, nalo ni hili: tunajuaje? Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba jibu halikutoka katika bidii ya aliyegawanya, bali katika umbo la namba yenyewe, kwa maana namba yenye umbo hili huamua mapema ni nani anayeruhusiwa hata kujaribu kuigawa.

Tuanze na njia ambayo kila mwanafunzi anaijua. Ukitaka kuhakikisha kwamba namba ni tasa, igawanye kwa kila namba tasa hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili, kwa kuwa namba ikiwa na vigawo viwili, kimoja hakiwezi kuzidi kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu kidogo, na chini ya hapo ziko namba tasa zaidi ya 4,700. Mtu mwenye kalamu akitumia dakika tano kwa kila moja atahitaji saa karibu 400, na hapo tumchukulie kuwa hakosei kamwe. Mwaka 1588 Pietro Cataldi wa Italia aliitumia njia hii kuthibitisha kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, akastahili heshima yote. Kisha akadai, bila uthibitisho, kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Mwaka 1640 mwanahisabati wa Ufaransa, Pierre de Fermat, aliziangusha mbili kati ya hizo: 2²³ − 1 inagawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 inagawanyika kwa 223. Ile ya 29 iliangushwa na Euler, mwanahisabati wa Uswisi, kwa kigawo 233. Katika madai manne ilisalimika hii yetu peke yake, na sidhani kama Cataldi anastahili sifa kwa hilo. Aliyerusha mawe manne gizani, moja likampata ndege, bado hajawa mwindaji.

Mwindaji alikuwa Leonhard Euler. Mwaka 1772, akiwa mzee na karibu kipofu kabisa, alimwandikia mmoja wa watu wa ukoo wa Bernoulli, ukoo wa wanahisabati, akimweleza kwamba 2³¹ − 1 ni namba tasa, na kwamba hakulazimika kuijaribu kwa kila kitu. Hoja iliyomwezesha inaweza kufuatwa na yeyote aliyemo humu ndani, kwa hiyo naomba subira yenu kwa dakika chache.

Tuseme ipo namba tasa, tuiite q, inayoigawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa q inaacha baki la 1. Sasa mfikirieni mtu anayeanza na 1 na kuzidisha kwa 2 katika kila hatua, na kila akivuka q anaiondoa na kuendelea na baki. Katika hatua ya 31 mtu huyu anajikuta amerudi kwenye 1. Je, huenda alikwisha kurudi hapo kabla? Kama alirudi, basi safari yake ni mzunguko mfupi zaidi unaojirudiarudia, na urefu wa mzunguko huo lazima uwe kigawo cha 31. Lakini 31 nayo ni tasa, vigawo vyake ni 1 na 31 tu. Mzunguko wa hatua moja ungemaanisha kwamba 2 inaacha baki la 1, jambo ambalo haliwezekani kwa namba tasa yoyote. Basi mzunguko una hatua 31 kamili, si pungufu.

Hapo ndipo inapoingia kanuni ndogo ya Fermat, inayosema kwamba mtu huyo huyo, akitembea ndani ya namba tasa yoyote q isiyo 2, lazima awe amesimama kwenye 1 baada ya hatua q − 1. Lakini tumekwisha kuona kwamba anarudi kwenye 1 kila baada ya hatua 31 na si wakati mwingine wowote. Kwa hiyo q − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, hivyo inagawanyika kwa 62. Hilo peke yake limekwisha kuwatoa uwanjani watahiniwa wengi mno.

Kuna kufuli la pili. Kama 2³¹ inaacha baki la 1, basi 2³² inaacha baki la 2. Na 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Kwa maneno mengine, ndani ya ulimwengu wa q, namba 2 ina kipeuo cha pili, na imethibitishwa kwamba kwa namba tasa ya witiri hilo hutokea pale tu q inapoacha baki la 1 au 7 ikigawanywa kwa 8. Unganisheni masharti hayo mawili, na kwa kuwa kigawe kidogo cha shirika cha 62 na 8 ni 248, kila kigawo tasa cha namba yetu lazima kikigawanywa kwa 248 kiache baki la 1 au la 63. Hakuna njia ya tatu.

Kama mna shaka na masharti haya, yajaribuni kwa namba ndogo ambayo si tasa. Chukueni 2¹¹ − 1, ambayo ni 2,047. Hapa badala ya 62 tunatumia 22, maradufu ya 11. Vigawo vyake ni 23 na 89. Ya kwanza ni 22 na moja zaidi, ya pili ni 22 mara nne na moja zaidi. Ikigawanywa kwa 8 ya kwanza inaacha 7, ya pili inaacha 1.

Turudi kwenye namba yetu. Kuanzia 248 hadi 46,340 ziko namba 372 tu zinazoacha baki la 1 au 63 zikigawanywa kwa 248, na nyingi kati yake hazina haja ya kujaribiwa kwa kuwa zenyewe si tasa: 249 inagawanyika kwa 3, 497 inagawanyika kwa 7, 559 inagawanyika kwa 13. Ukizichuja, watahiniwa halisi ni chini ya mia moja. Kutoka zaidi ya 4,700 tumefika chini ya mia, na bado hatujagawanya hata mara moja.

Mtahiniwa wa kwanza ni 311. Tungeweza kuiandika namba ya tarakimu kumi na kuigawanya kwa njia ndefu, lakini umbo lake linatupa njia fupi. Mbili kwa kipeo cha 8 ni 256, ambayo ndani ya 311 ni sawa na hasi 55, kwa kuwa imepungua 55 kufika 311. Uizidishe yenyewe, utapata 2¹⁶: hamsini na tano mara hamsini na tano ni 3,025, ambayo baada ya kuondoa 311 mara kumi inakuwa hasi 85. Zidisha hasi 85 kwa hasi 55 upate 2²⁴: ni 4,675, ukiondoa 4,665 inabaki 10. Imebaki kuzidisha kwa 2⁷, yaani 128, tunapata 1,280, ambayo baada ya kuondoa 1,244 inabaki 36. Kwa hiyo 2³¹ inaacha baki la 36, na 2³¹ − 1 inaacha 35. Kwa kuwa baki si sufuri, 311 haiigawi namba yetu.

Hapa naomba kukiri jambo. Mara ya kwanza nilipoifanya hesabu hii peke yangu, nilisahau alama ya hasi mbele ya 55. Nikaendelea kwa utulivu kabisa, nikapata baki la 274 badala ya 35, nikaandika kwamba 311 haiigawi, nikageuza ukurasa. Hitimisho lilikuwa sahihi na hesabu ilikuwa mbovu, na hakuna kitu chochote kwenye karatasi kilichonipigia kelele. Niligundua siku kadhaa baadaye, nilipokuwa nairudia kwa ajili ya mwanafunzi. Huo ndio udhaifu wa uthibitisho unaojengwa juu ya mabaki mengi yasiyo sufuri: karibu kila kosa linatoa jibu linalofanana na ukweli. Anayetafuta sufuri na kuikosa hawezi kujua kama aliikosa kwa haki.

Mwanahisabati wa Ufaransa, Édouard Lucas, alilipatia tatizo hilo dawa katika miaka ya 1870, na Derrick Henry Lehmer wa Marekani akainyoosha mwaka 1930 mpaka ikawa hivi tunavyoitumia leo. Katika jaribio lao ushindi unatangazwa na sufuri yenyewe. Anza na 4. Kila hatua, zidisha namba uliyo nayo kwa yenyewe, toa 2, kisha chukua baki la kugawanya kwa namba unayoichunguza. Kwa namba yenye umbo la mbili kwa kipeo fulani cha witiri kilicho tasa, toa moja, fanya hatua pungufu ya kipeo hicho kwa mbili. Ikitokea sufuri mwishoni, namba ni tasa. Isipotokea, si tasa. Hakuna kigawo hata kimoja kinachotafutwa.

Tuione kwa 127, ambayo ni 2⁷ − 1 na inahitaji hatua tano. Nne mara nne toa mbili ni 14. Kumi na nne mara kumi na nne toa mbili ni 194, na baki lake ni 67. Kutoka 67 tunapata 4,487, baki 42. Kutoka 42 tunapata 1,762, baki 111. Kutoka 111 tunapata 12,319, ambayo ni 127 mara 97 kamili. Sufuri. Kosa dogo lolote njiani lingetutupa mahali pengine; ni vigumu mno kwa mwenye kukosea kuangukia kwenye sufuri kwa bahati. Kwa namba yetu ya leo hatua ni 29, kazi ya jioni chache kwa mtu mwenye subira, na kazi isiyopimika kwa kompyuta. Lucas mwenyewe, mwaka 1876, alitumia njia ya namna hii kuithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, na hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwa mkono namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Umbo linatusaidia hata katika kutafuta mabaki hayo. Mnakumbuka kwamba ili kujua baki la namba ikigawanywa kwa 9 tunajumlisha tu tarakimu zake, na sababu ni kwamba 10 ni 9 na moja zaidi. Namba yetu ina tabia hiyo hiyo mbele ya 2³¹, ambayo ni yenyewe na moja zaidi. Kwa hiyo huhitaji kugawanya: unaikata namba yako penye 2³¹, na kile kilichozidi juu unakijumlisha na kilichobaki chini. Kwa 127 tunakata penye 128: 4,487 ni 128 mara 35 na 7 zaidi, na 35 ukijumlisha 7 unapata 42, lile lile baki tulilolipata sasa hivi. Kwa kompyuta, inayohesabu kwa biti, yaani tarakimu za 0 na 1 tu, kukata huku hakugharimu karibu chochote.

Sasa sikilizeni jambo ninalolipenda kuliko yote katika namba hii. Mrudisheni yule mtu wetu anayetembea kwa kuzidisha, lakini sasa atembee ndani ya 2,147,483,647 yenyewe. Akizidisha kwa 2, anarudi kwenye 1 baada ya hatua 31 tu. Katika nchi yenye vituo zaidi ya bilioni mbili, ameviona thelathini na kimoja. Mpeni 7 badala ya 2, naye atapita kwenye kila kituo, kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, pasipo kurudia hata kimoja mpaka avimalize vyote. Namba inayompitisha mtu kila mahali namna hiyo huitwa mzizi wa asili, na 7 ndiyo ndogo kuliko zote kwa namba yetu. Vipeo vya 7 vina uwezo huo huo, mradi kipeo kisishirikiane kigawo na 2,147,483,646. Namba hiyo ni zao la 2, 3, 3, 7, 11, 31, 151 na 331. Kwa kuwa 5 haimo, 7⁵, yaani 16,807, inafaa.

Watengenezaji wa programu waliitambua faida ya jambo hili mapema. Ukianza na 1 na kuzidisha kwa 16,807 kila mara, unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, mfululizo unaorukaruka kiasi kwamba macho hayaoni mpango wowote, na kwa miaka mingi ulitumika katika kompyuta kutoa namba zinazofanana na za nasibu. Aliyeandika programu yake vizuri, akianza na 1, lazima baada ya hatua 10,000 akute 1,043,618,065. Kwa mahitaji ya leo mfululizo huu ni mfupi, na kwa mambo ya siri haufai kabisa, kwa kuwa anayeiona namba moja anaijua inayofuata.

Nikiwa bado kwenye kompyuta, niondoe kosa moja linalorudiwa mara nyingi. Namba yetu ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuhifadhiwa katika biti 32 ikiwa biti moja imetengwa kwa ajili ya alama ya chanya au hasi, na ndiyo sababu mifumo ya zamani inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 itafika ukingoni tarehe 19 Januari 2038, saa tisa na dakika 14 na sekunde 7 za usiku kwa saa za dunia. Watu husema mipaka hiyo iliwekwa hapo kwa sababu namba hiyo ni tasa. Hapana. Biti 31 zote zikiwa moja huleta 2³¹ − 1, iwe tasa isiwe. Biti 29 zingeleta namba inayogawanyika kwa 233, na mipaka ingekuwa mipaka vilevile.

Lugha yetu iliamua kuziita namba hizi tasa, jina la mti usiozaa na kiumbe asiyepata mtoto, na kwa maana ya kutogawanyika jina limekaa vizuri. Lakini hii ina mtoto. Euclid, Mgiriki wa kale, alithibitisha kwamba kila namba tasa yenye umbo hili inazaa namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 28 ambayo ni 1, 2, 4, 7 na 14 zikijumlishwa. Zidisheni 2³¹ − 1 kwa 2³⁰, mtapata 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba hii timilifu itabaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazogunduliwa, kwa kuwa namba za namna hii ni za kustaajabisha tu na hazina matumizi, na haelekei kupatikana mtu wa kujisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1883 Ivan Pervushin wa Urusi alijisumbua, akaithibitisha 2⁶¹ − 1.

Nimalizie kwa mjukuu ambaye hakuzaliwa. Angalieni mlolongo huu: 2² − 1 ni 3, nayo ni tasa, 2³ − 1 ni 7, tasa, 2⁷ − 1 ni 127, tasa, na 2¹²⁷ − 1 ndiyo ile ya Lucas, tasa pia. Vivyo hivyo 2⁵ − 1 ni 31, tasa, na 2³¹ − 1 ni namba yetu. Ni kawaida kabisa kutamani kupanda ngazi moja zaidi na kuuliza: je, mbili kwa kipeo cha 2,147,483,647, toa moja, ni tasa? Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646, mara kumi na tano na zaidi ya ile ya 2024 niliyokataa kuizungumzia. Jaribio la Lucas na Lehmer kwa ukubwa huo lingedai kuzidisha namba za mamilioni ya tarakimu zaidi ya mara bilioni mbili. Halikuhitajika. Kwa hoja ile ile ya Euler, kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kiwe kigawe cha 4,294,967,294, ambayo ni maradufu ya namba yetu, na moja zaidi. Watu walipanga foleni hiyo na kuwaita watahiniwa mmoja baada ya mwingine, na katika nafasi ya 68,745 akasimama 295,257,526,626,031, namba ya tarakimu kumi na tano, akaigawa bila baki.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali.